Pumzi Juu ya Maji

Pumzi. Sauti ya mtu mzima akihema kwa hofu ndiyo aliyobaki nayo Mokeira kutoka siku ile. Nyimbo zilimtoka kichwani, na maneno ya mchungaji alikuwa ameyazoea kiasi cha kutoyasikia tena. Lakini pumzi ya mumewe aliisikia wazi, ikiingia na kutoka, wakati ambapo haikupaswa kusikika kabisa. Mtu aliye chini ya maji hahemi.

Mokeira alikuwa shemasi wa kanisa la Waadventista pale Muhuru Bay, na siku za ubatizo kazi yake ilikuwa ndani ya ziwa. Alisimama maji yakiwa kifuani, amemshika mkono anayefuata zamu, mpaka mchungaji amalize na aliyetangulia. Kwa miaka mingi alijifunza kuufuata ubatizo kwa masikio. Yalikuja maneno, kisha kimya, maji yakiufunga uso. Kisha mtu akaibuka akivuta hewa kwa nguvu, na ufukweni wimbo ukaanza. Kile kimya cha katikati ndicho alichokiamini. Aliwaambia wanawake wa darasa la ubatizo kwamba hapo ndipo mtu anapozikwa na maisha yake ya zamani, na kwamba asiyezikwa hana pa kufufukia.

Kanzu za ubatizo alizishona yeye. Kitambaa kilikuwa cha buluu, kizito, na ndani ya pindo alishonea vipande vya risasi, vile vile ambavyo wavuvi hufunga chini ya nyavu ili zizame. Bila risasi, kanzu hupanda juu na kuelea kama jani, na mwanamke anabaki na aibu mbele ya kanisa zima. Hakuna aliyemfundisha jambo hilo. Lilimjia siku moja alipomwona jirani akitengeneza nyavu, na tangu hapo hakuna mama aliyetoka ziwani akiwa amejishika mapaja.

Alizaliwa milimani Kisii, mahali ambapo maji ni kijito unachokiruka ukienda shamba. Alikuja ufukweni na mumewe, Mogire, fundi wa mbao, kwa sababu wavuvi walimtafuta sana mtu aliyejua kuunganisha mbao zisipitishe maji. Mashua za Mogire zilivuka hadi upande wa Tanzania na kurudi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuingia ziwani kupita magoti. Alipokuwa mdogo, mto Gucha uliofurika ulimchukua kaka yake mbele ya macho yake, na tangu siku hiyo maji yakimfika kiunoni miguu yake ilikufa ganzi.

Kwa hiyo Mogire alimaliza darasa la ubatizo, akalimaliza tena na tena, na kila siku ya ubatizo ilipofika alikuwa na mashua inayomsubiri. Watu walisema maneno yao. Wengine walidhani anakunywa kwa siri, wengine wakamzushia mwanamke kule Migori. Mokeira peke yake ndiye aliyejua ni maji, na hakumwambia mtu. Lakini hofu yake ilikuwa kubwa kuliko ya mumewe. Alisoma katika Biblia yake kwamba aaminiye na kubatizwa ataokoka, na aliposoma alihisi kana kwamba mlango umefungwa, yeye akiwa ndani na mumewe nje.

Labda ndiyo sababu ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wa wazee wa kanisa. Pale ufukweni aliuza omena, dagaa wa ziwani, na nyavu zake za kuanikia zilipakana na za Helen, Mluo na Mkatoliki, mwanamke mnene mwenye kicheko kinachosikika mbali. Walibishana kila asubuhi, mikono ikigeuza omena juani.

"Nyieka," Helen alianza siku moja, maana alimwita hivyo, mke mwenza, kwa utani wa Kiluo, "nyinyi Wasabato ni kama hizi omena. Lazima mlowe mwili mzima ndipo mwanikwe."

"Na nyinyi mnazikaje watu wenu?" Mokeira alijibu. "Mnamtupia maiti kiganja cha udongo halafu mnaenda kunywa chai? Kunyunyiza si kuzika."

"Kiganja cha kwanza ni cha padri. Kilichobaki ni kazi ya jembe."

Wachuuzi wengine walicheka, na Mokeira alicheka pia, lakini kile kiganja cha udongo akakipenda. Alikitumia sokoni, akakitumia kwenye mikutano ya hadhara ambako watu wa makanisa walikuja na Biblia kubishana hadharani, mpaka watu wakaanza kumwita kwa jina hilo: Mama Kiganja.

Mwaka 1996, baada ya makambi ya kanisa ya Agosti, Mogire alisema ataingia. Alisema wakiwa mezani, bila kumtazama mkewe, kana kwamba anazungumzia misumari. Halafu akaomba jambo moja. Alitaka kanzu yake iongezwe risasi, nyingi, ili ahisi ardhi chini ya miguu. Alisema kama miguu itakuwa mizito ataweza kujidanganya kwamba yuko nchi kavu.

Mokeira alishona usiku na mchana. Aliweka risasi maradufu, akazipanga pindo zima, akafurahi kila kipande kilipoingia.

Siku yenyewe ziwa lilikuwa na mawimbi. Viboko walikuwa wameonekana karibu na matete asubuhi, na vijana wenye miti mirefu walisimama kuzunguka, kwa hiyo Mchungaji Mayaka alifanya haraka. Alikuwa na makanisa mengi ya kuyazungukia na hakurudi Muhuru ila baada ya miezi. Mogire aliingia akiwa na rangi ya majivu. Mchungaji alimshika mgongoni, akainua mkono, akasema maneno, akamlaza nyuma. Mogire hakulala. Miguu ile mizito ilimshika chini kama nanga, magoti yakakataa kukunjwa, na mwili ukainama nusu ukakwama hapo, kisogo majini na uso juu. Mchungaji alikuwa amefumba macho katika maombi. Wimbi likapita, likawarushia wote povu, na kwa watu wa ufukweni ilionekana amefunikwa.

Mokeira alikisubiri kile kimya. Badala yake alisikia pumzi.

Alikuwa amemshika mkono bibi kizee aliyefuata zamu. Alifungua kinywa aseme, na wimbo ukaanza ufukweni. Mogire alisimama akilia, maji yakimtiririka shingoni, uso wake umefunguka kama wa mtu aliyetua mzigo wa miaka. Watu walimpokea kwa mataulo. Mokeira akafunga kinywa na kumpeleka bibi kizee kwa mchungaji.

Tangu siku ile nyumba yao ikawa na furaha ambayo, kwa alivyojua Mokeira, yeye peke yake aliuona ufa wake. Mogire aliimba kwaya. Alishiriki meza ya Bwana, aliinama kuwaosha wenzake miguu, na alipoinuka alimtafuta mkewe kwa macho. Mokeira alitabasamu na moyo wake ukawa kama kamba inayovutwa pande mbili. Akisema, atamrudisha mtu huyu kwenye hofu aliyoishinda mara moja tu maishani, tena mbele ya watu, na huenda asirudi tena ziwani wala kanisani. Asiposema, na mumewe akafa hivyo, basi alimwacha aende kaburini akidhani ameshazikwa. Kila Mogire alipokohoa, Mokeira aliamka.

Alimwendea Mzee Obare, mwalimu mstaafu aliyekuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kumhukumu mtu, lakini andiko likisema jambo hakulipunguzia makali. Mokeira aliuliza kama anayemwulizia mtu wa mbali: mtu akibatizwa na maji yasimfunike yote, hesabu yake ni ipi?

"Hakuna kaburi la nusu, Shemasi," Obare alisema. "Huyo hajazikwa."

"Na yule mwizi pale msalabani? Yeye alizamishwa wapi?"

"Yule alikuwa amepigiliwa misumari. Hakuwa na ziwa mlangoni."

Obare alimwuliza kama kuna mtu. Mokeira alisema ni swali la darasani, akaenda zake, na njia nzima lile ziwa lilikuwa mkono wake wa kushoto, pana, jeupe, halina kisingizio.

Ubishi wake sokoni ulikufa. Helen alimchokoza kwa wiki nzima bila kupata jibu, mwishowe akaacha kugeuza omena.

"Nyieka, unaumwa? Siku hizi hata hunitukani."

Mokeira alisema ni jua tu.

Alijipangia kumwambia mumewe kabla mchungaji hajarudi, ili jambo lifanyike kimya kimya, asubuhi, bila watu. Aliipanga siku, ikapita. Akapanga nyingine. Februari ikafika, na Mogire alikuwa na ngiri ya siku nyingi, uvimbe chini ya tumbo aliozoea kuurudisha ndani kwa mkono na kuendelea na kazi. Asubuhi moja aliinua mkuku, uti wa chini wa mashua, na wenzake, uvimbe ukatoka na ukakataa kurudi. Kufikia jioni alikuwa akitapika maji ya kijani.

Mganga wa zahanati alisema hiyo ni kazi ya daktari wa kupasua. Gari lililopatikana lilikuwa lori la samaki lililokuwa likielekea Homa Bay alfajiri, na lilipatikana kwa sababu Helen alimjua mwenye lori na alimpigia kelele mpaka akakubali. Helen akapanda pia, bila kuulizwa. Mzee Obare akapanda, maana hakuwahi kumwacha mgonjwa wa kanisa lake aende peke yake. Mogire alilazwa juu ya magunia kati ya masanduku ya barafu, na kila lori liliporuka shimo alimkamata Mokeira mkono.

Hospitalini daktari, kijana mwenye macho mekundu, alimpapasa mara moja tu akajua. Alisema utumbo umekabwa na ukichelewa utaoza, kwa hiyo atapasuliwa mchana huo huo. Hakuwaficha kwamba wamechelewa kumleta. Mgonjwa asile, asinywe hata tone.

Obare alibaki kitandani akisoma zaburi. Helen alimvuta Mokeira hadi kwenye baraza, akamletea kikombe cha maji. Chini yao, ng'ambo ya mabati ya mji, ziwa lilikuwa lile lile. Mokeira alilitazama, kisha akamtazama mwanamke huyu ambaye alikuwa na kila sababu ya kumcheka, na akamwambia yote. Alimwambia kuhusu risasi, uso uliobaki juu, na pumzi.

Helen naye alilitazama ziwa.

"Kwa hiyo miezi yote hii nyumbani kwako kuna Mkatoliki," alisema.

Hakuna aliyecheka.

Helen alikichukua kile kikombe. Alisema padri aliwafundisha wote, hata watoto, kwamba kwenye hatari ya kifo Mkristo yeyote anaweza. Maji kidogo juu ya paji, mara tatu, na yale maneno ya Baba na Mwana na Roho. Hayo maji hayatamfika tumboni, daktari hatakuwa na neno. Alikuwa ameshaanza kutembea.

"Hapana," Mokeira alisema.

"Hapana nini? Mtu anakufa."

"Sikubishana nawe miaka yote hii kwa mchezo, Helen. Kama nilikuambia haitoshi kwako, siwezi kusema leo inatosha kwangu kwa sababu naogopa."

Helen alirudi polepole. Aliweka kikombe juu ya ukuta mfupi wa baraza, akakisukuma mbali kidogo, kama mtu anayetaka mikono yake iwe mitupu.

"Nilikuwa na mtoto kabla hujaja Muhuru," alisema. "Alizaliwa hana sauti. Mkunga alinitazama tu. Nikachukua kikombe cha chai, nikakisuuza, nikatia maji, nikambatiza mimi mwenyewe nikiwa bado natoka damu. Hakuona jua la pili. Kila ukiniambia kiganja cha udongo, namwona yeye. Nacheka kwa sababu nikiacha kucheka nitakurushia omena usoni. Sasa niambie, Mama Kiganja. Mtoto wangu yuko wapi?"

Mokeira alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu la darasani, alilifundisha mwenyewe: mtoto mchanga hana dhambi ya kutubu, hahitaji maji yoyote, analala tu akingoja asubuhi ya ufufuo. Tena lilikuwa jibu jema. Lakini Helen hakuwa ameuliza swali la darasani. Alinyoosha mkono. Helen hakuupokea, wala hakuondoka.

Muuguzi aliwaita. Chumba cha upasuaji kilikuwa tayari.

Mogire alikuwa amevalishwa gauni la kijani lililofungwa kwa nyuma, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Obare alikuwa bado akisoma. Mogire aliinua kidole, Obare akanyamaza.

"Mzee, kabla hawajanichukua," Mogire alisema. "Siku ile ziwani sikuzama."

Obare alitabasamu kwa upole, kama unavyomtabasamia mtu mwenye homa. Alimwambia asijisumbue, kanisa zima lilikuwa ufukweni na wote waliona.

"Mliona wimbi. Mimi niliona mbingu. Wakati wote niliona mbingu. Nilinyamaza kwa sababu nilijua nikisema mtanirudisha, na sikuwa na miguu ya kuingia mara ya pili."

Mokeira alishika chuma cha kitanda. Miezi yote ile walikuwa wamelala mgongo kwa mgongo, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile.

Tabasamu la Obare liliondoka. Alimgeukia Mokeira, na hakumwita Mama Nyamusi, kwa jina la binti yao yeye na Mogire, kama alivyozoea akiwa nje ya kanisa.

"Shemasi. Wewe ulikuwa karibu kuliko sisi sote. Alizama?"

Neno moja lingetosha. Obare angeamini, na Mogire angeingia kule ndani akidhani ni hofu tu iliyompotosha. Mhudumu alikuwa amefika na kitanda cha magurudumu, amesimama akisubiri. Helen alikuwa mlangoni. Mokeira aliutazama uso wa mumewe na akaona kwamba mtu huyu, aliyejificha miaka yote, ametoka mafichoni. Hakuweza kumfunga tena humo kwa uongo.

"Hakuzama," alisema. "Nilimsikia akihema. Na ni mimi niliyemshonea risasi nyingi zikamshika chini."

"Ni mimi niliyeziomba," Mogire alisema.

Mhudumu alisema daktari anangoja. Yeye na muuguzi walimwinua kwa shuka, wakamhamishia kwenye kitanda cha magurudumu, na Mogire akauma meno mpaka maumivu yalipopita. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mlango umefungwa:

"Kama sitatoka huko ndani, niambieni sasa. Kwa Mungu, mimi nimo au simo?"

Obare aliifungua Biblia yake, akaifunga, kidole kikiwa bado ndani ya kurasa. Alisema jambo hilo ni zito, wanadamu hawana mizani yake, na ni vema wamwachie Mwenyezi.

"Mzee," Mogire alisema, "nimemwuliza mke wangu."

Mhudumu alianza kusukuma. Mokeira alitembea kando ya kitanda, mkono wake kwenye kifua cha mumewe. Maandiko yote aliyoyajua yalimjia kwa pamoja, lile la kuzikwa na lile la mwizi, na hakuna hata moja lililosimama mbele ya mengine kumsemea. Obare aliwafuata nyuma, akimtazama, akingoja. Helen pia alikuwa akingoja. Mwanamke aliyeuliza swali lake na hakujibiwa. Mbele yao milango ya chumba cha upasuaji ilikuwa wazi.

Pale kizingitini mhudumu alisema ndugu wanaishia hapo. Mokeira aliinama mpaka mdomo wake ukagusa sikio la mumewe.

"Umo," alinong'ona. "Umo, Baba Nyamusi. Na yule mtoto wa Helen yumo."